Sauti ya Mama Orpa

Tangu pikipiki ilipotoka Beni, Ngalula hakumshika Maliro kiunoni. Alishika chuma cha nyuma, kile cha kufungia mizigo, akaacha kati ya kifua chake na mgongo wa Maliro nafasi ambayo mtu wa tatu angeweza kuketi. Kila waliporuka shimo mikono ilimuuma. Akaiacha iume.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara ya Mangina. Ndani yake watu walitokea ghafla, karibu kabisa na gurudumu, kisha wakapotea tena: mama mwenye godoro kichwani, mzee anayesukuma baiskeli iliyofungwa masufuria, wasichana wawili wakiwa wameshika mbuzi mmoja. Wote walikuwa wakielekea Beni. Hakuna aliyesalimu. Waliwatazama Ngalula na Maliro kama mtu anavyotazama maiti ikipitishwa, kisha wakainamisha macho.

Vita vilikuwa vinasogea kutoka upande wa Mambasa, na Mama Orpa alikuwa bado kule, ng'ambo ya Mangina, katika kijiji cha Mabuo. Maliro alikuwa amekwenda kumchukua mara mbili, na mara mbili mama yake mkubwa huyo, dada wa mama yake mzazi, alimpikia ndizi, akamcheka, akamrudisha Butembo mikono mitupu.

"Mimi atanisikia," Ngalula alikuwa amesema. Ndiyo maana walikuwa pamoja siku hiyo, ingawa hawakuwa wakisemezana.

Ngalula alikuwa mtu wa Kasai. Alifika Butembo kufundisha isimu kabla barabara hazijafungwa, akiwa na sanduku moja la vitabu na ahadi ya kurudi kwao kila likizo. Vita vikaikata nchi vipande viwili. Wazazi wake wakabaki Kananga, upande wa pili, na tangu hapo hakupata barua wala salamu. Maliro alikuwa mtoto wa Butembo, mtafiti wa ndege, mrefu, mpole, mwenye desturi ya kusimama katikati ya mazungumzo ili asikilize kitu juu ya mti. Chuo kiliwapa chumba kimoja na meza moja kwa sababu hakukuwa na nyingine.

Mwanzoni walibishana. Maliro alisema ndege ni ndege hata asipoitwa. Ngalula akasema ndege asiye na jina hakuna anayemwona. Kutokana na ubishi huo ikazaliwa kazi yao: kukusanya majina ya ndege wa msituni kutoka vinywani mwa wazee kabla wazee hawajaisha. Maliro alipiga mluzi kwa sauti ya ndege, Mama Orpa akafumba macho, akataja jina kwa Kinande, kisha akalieleza kwa Kiswahili, na Ngalula akaliandika jinsi lilivyotamkwa. Katika jiko lile la moshi, siku moja, Ngalula aliinua macho kutoka kwenye karatasi akakuta Maliro hamwangalii ndege wala mama yake mkubwa. Anamwangalia yeye. Tangu siku hiyo mambo hayakuwa ya ndege tu.

Kwenye kijito kimoja Maliro alisimamisha pikipiki ili injini ipoe. Maji yalisikika lakini hayakuonekana.

"Ngalula, utanyamaza mpaka tutafika?"

"Wewe njo ulinifundisha kunyamaza."

"Sema basi."

Akageuka. "Mama yako alituma batu Lubero. Kwa wazazi ya ule binti. Maneno ya kuoa. Na wewe ulijua."

Maliro alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili.

"Nilijua."

"Kila siku tunakaa mu bureau moja. Unanionyesha manyoya ya ndege, unanichekesha. Ulijua, na hukusema kitu. Nilisikia kwa batu ya soko, Maliro! Kwa mama mwenye kuuza unga ya foufou!"

"Nilikuwa natafuta namna ya kumuambia Mama hapana. Basi nilikuwa nangojea..."

"Ulipata ile namna?"

Maliro aligeuza kofia mikononi.

"Anasema nini juu yangu? Niambie yote. Usifiche."

"Ngalula, acha."

"Nasema niambie."

Maliro alitazama kofia. "Anasema wewe ni mutu ya mbali. Batu benu tutabatafuta wapi? Siku ya kilio nani atakuja kukaa na sisi? Mutoto akizaliwa, atapelekwa kwa nani? Anasema mwanamuke bila batu ni kama nyumba bila ukuta ya nyuma."

Kama lingekuwa tusi, Ngalula angelirudisha. Lakini lilikuwa swali, na yeye mwenyewe alijiuliza swali hilo kila alipolala: watu wako wako wapi, Ngalula? Wangali hai?

"Sawa," alisema. "Tutamuchukua Mama Orpa, tutarudi. Nyuma ya pale, kila mutu na kazi yake. Mimi na maneno yangu, wewe na ndege yako."

"Ngalula..."

"Washa pikipiki, twende."

Baada ya Mangina kulikuwa na kizuizi: mti mmoja mwembamba uliolazwa barabarani, na askari mmoja aliyekaa juu ya ndoo. Hakuomba kitu. Aliwatazama tu, macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Muko naenda wapi?"

"Mabuo," Maliro alisema. "Kuchukua mama yetu."

"Kule batu balishaisha."

"Balikimbia?"

Askari aliinua mabega. "Mimi najua nini? Nasikia tu. Kule haiko ata imbwa inalia." Akanyanyua mti ule kwa mkono mmoja. "Nenda, mwalimu. Lakini mufanye mbio."

*

Mabuo palikuwa na utulivu ambao Ngalula hakuwahi kuusikia mahali penye nyumba.

Milango ilikuwa wazi. Mbele ya nyumba ya kwanza kulikuwa na sufuria ya maharagwe juu ya mafiga, maharagwe yamenyonya maji yote, yamepasuka. Nguo za mtoto zilining'inia kwenye kamba. Kandambili moja ilikuwa katikati ya njia, imeelekea msituni. Hakukuwa na damu, hakukuwa na moto, hakukuwa na kitu kilichovunjwa. Ilikuwa kana kwamba mtu aliita kutoka mahali fulani, na kila mmoja aliyeshika kijiko, jembe au mtoto akakiacha alichokishika na kwenda.

Maliro alisimama, kichwa amekiinamisha upande, kama afanyavyo.

"Unasikia nini?" Ngalula alinong'ona.

"Siyo kusikia. Angalia."

Uwanjani, kati ya nyumba, walikuwepo ndege. Hawakuwa kuku. Walikuwa wakubwa, weusi, wenye vichwa vya buluu, wakitembea polepole na kudonoa mpunga ulioanikwa mkekani.

"Hii ndege inaishi ndani kabisa ya pori," Maliro alisema. "Mimi nilifanya miaka kuitafuta, niliiona mara moja tu, tena mbali. Inaogopa mutu kupita yote." Akaonyesha mkeka kwa kidole. "Kama iko natembea hapa, inajua hakuna mutu."

"Labda balitoka asubuhi."

"Hapana. Siyo asubuhi."

Wakasonga. Ndege wale hawakuruka. Walipisha tu, kama wenye nyumba wanavyowapisha wageni. Nyumba ya Mama Orpa ilikuwa ya mwisho, karibu na migomba, na walipofika kwenye migomba ile wakaisikia.

"Ngalula! Ingia, mwana. Ingia, mulango iko wazi."

Ilikuwa sauti ya Mama Orpa, ile ile nzito yenye kikohozi kidogo mwishoni. Ngalula alipiga kelele ya furaha. "Mama! Niko hapa, Mama!" Akakimbia, akavuka uwanja, akaruka ngazi ya udongo, mkono umekwisha kunyoshwa kusukuma mlango. Hapo akasimama.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa waya. Umezungushwa kwa nje, ukakazwa kwa nguvu.

"Ingia, mwana," sauti ilisema ndani. "Mulango iko wazi."

Maliro alifika nyuma yake. Ngalula alimshika mkono bila kujua kama amemshika.

"Nani alimufungia?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Maliro, nani anafungia mutu muzee ndani ya nyumba?"

Maliro akaanza kufungua waya. Ukamkata vidole. Ndani Mama Orpa alikohoa, akacheka kile kicheko chake cha puani, kisha akaanza kusali kwa Kinande, taratibu, kama mtu anayesali akipepeta mchele.

Waya ukalegea. Mlango ukafunguka.

Mlikuwa na giza na harufu ya majivu baridi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kiti chake cha kamba kilikuwa tupu. Hakukuwa na mtu. Ngalula aliangalia chini ya kitanda, nyuma ya mapipa, akafungua hata stoo ya maharagwe, na wakati wote ule sala iliendelea juu yake, katika hewa, ikamalizika kwa amina.

Kisha, karibu na sikio lake, mtoto akalia.

Ngalula aliruka, akajigonga kifuani mwa Maliro. Maliro alikuwa anatazama juu.

Kwenye boriti, kichwa kimeinama, jicho la njano limewakodolea, alikuwa amekaa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu.

"Siyo yeye," Ngalula alisema. "Huyu hasemi. Huyu ni bubu!"

Ilikuwa kweli. Mama Orpa alimwokota akiwa kinda, akamlea kwa ndizi na mawese, na katika siku zote walizokuja pale kasuku yule hakuwahi kutamka hata neno moja. Maliro alikuwa akimtania mama yake mkubwa kwamba katika kasuku wote wa Congo amepata asiye na habari.

Kasuku alifungua mdomo. "Bima!" akapaza sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya ukali, ikiamuru kwa Kilingala watu watoke nje. "Bima! Bima!" Kisha vishindo, kisha mtoto yule akilia tena, kisha Mama Orpa, karibu sana, akihema.

Ngalula aliziba masikio. Maliro alimvuta, akamkumbatia, na kwa muda walisimama hivyo huku watu wa Mabuo wote wakipita juu yao katika koo la ndege.

"Aliwezaje?" Ngalula aliuliza. "Miaka yote hii, na leo?"

"Kasuku hakai peke yake," Maliro alisema taratibu. Aliongea kama anavyoongea darasani, maana ndiyo sauti pekee iliyokuwa haitetemeki. "Mu pori, akipoteza benzake, anaita na sauti yabo, ili bamusikie, barudi. Huyu hakukuwa na benzake. Benzake ni batu ya hii nyumba. Sasa balimuacha. Basi anabaita."

"Alikuwa anatusikia siku zote."

"Siku zote."

Juu yao Mama Orpa akasema tena, safari hii kwa Kinande, haraka, kama mtu anayegonga mlango baada ya mlango. Ngalula alikuwa Mkasai, lakini lugha ile alikuwa ameisoma neno kwa neno kutoka kwa mama huyo huyo. Akainua mkono.

"Ngoja. Sikia. Anasema, muende kwa ndege ya mawe. Mupeleke batoto kwa ndege ya mawe."

"Ndege ya mawe ni nini?"

"Njo namna alinielezea lile jina. Unakumbuka? Ile ndege ndogo, nyeusi, mukia imepasuka, inajenga na udongo."

Maliro alimwachia. Rangi ilimrudia usoni. "Mbayuwayu. Najua kwenye banajenga. Kuna mawe makubwa kule chini, karibu na muto. Nilipanda pale kuhesabu viota." Akamshika mabega. "Ngalula, anatuambia kwenye balienda."

*

Waliwakuta kabla ya jua kuteremka. Chini ya mwamba ulioinama kama paa, watu wa Mabuo walikuwa wameketi wamebanana, kimya, hata watoto wachanga kimya, na juu ya vichwa vyao mbayuwayu waliingia na kutoka katika viota vya udongo. Nyuso zote zikageuka kwa pamoja. Hakuna aliyeinuka.

Siméon, katekista, ndiye aliyekuja, mtu mfupi mwenye koti lililochanika bega. Alimgusa Maliro kifuani kwanza, kana kwamba anahakikisha kuna nyama.

"Nani alibaambia tuko hapa?"

"Mama Orpa," Ngalula alisema.

Mwanamke mmoja alifanya ishara ya msalaba. Mwingine akamziba mtoto wake macho. Siméon alirudi nyuma hatua.

"Mademoiselle," alisema, "Mama Orpa tulimuzika jana."

Mto ulisikika chini. Siméon akaeleza, macho yake kwa Maliro, maana yeye ndiye mtoto wa marehemu. Askari walikuwa wamefika kijiji cha jirani, na sauti zao zikasikika wakiwatoa watu nyumbani. Mama Orpa alipita nyumba kwa nyumba akiwatuma wote kwenye mwamba. Yeye akawa wa mwisho. Alifunga mlango wake kwa waya ili kasuku asiwafuate na kupiga kelele juu ya maficho. Kwenye mteremko, mkono ukiwa begani mwa Siméon, alisema anataka kupumua kidogo, akaketi, na hakuinuka tena.

"Hakulia," Siméon alisema. "Alichoka tu. Moyo."

Maliro alikwenda akaketi kwenye udongo mpya, nyuma ya mwamba, ambapo waliweka msalaba wa vijiti. Ngalula alimwacha kidogo. Kisha akaenda akaketi karibu naye, na Maliro akaweka kichwa chake mapajani mwake akalia kama anavyolia mtu mzima asiyezoea, kwa taabu, bila sauti.

"Alikuita mwana," alisema mwishoni. "Kila mara. Mimi alikuwa ananiita Maliro tu."

"Nyamaza."

"Ile maneno ya Lubero. Mimi nilikuwa muoga, Ngalula. Siyo kingine. Nilimuogopa Mama. Leo sina woga tena ya kitu."

Ngalula alimpangusa udongo shavuni. Hakusema amemsamehe, lakini mkono wake ulibaki pale.

Waliwaambia watu kwamba barabara ya Mangina ilikuwa tulivu asubuhi ile. Siméon akawapanga, wazee mbele, na wakaanza kutoka kwa njia ya msituni. Baadaye walisikia kwamba wote walifika Beni. Maliro na Ngalula walirudi kijijini kuchukua pikipiki. Kasuku alipowaona alishuka kwenye boriti mwenyewe, akaingia katika kikapu cha Mama Orpa kana kwamba alikuwa akilisubiri hilo tu. Kikapu kikakaa kati yao.

Kwenye kizuizi, askari yule yule alisimama kutoka kwenye ndoo yake.

"Mulimupata mama?"

"Hapana," Maliro alisema. "Alikufa."

"Wasingya," ilisema sauti ya Mama Orpa, ikishukuru kwa Kinande. "Wasingya, mwana."

Askari aliwaangalia wote wawili, midomo yao iliyofungwa. Akaangalia nyuma yao, barabara tupu. Akanyanyua mti haraka, akauacha juu, akarudi nyuma hadi mgongo wake ukagusa ukingo.

"Pita," alisema. "Pita, pita. Hapana kurudia hapa."

*

Butembo, kilio kilijaza uwanja wa Mama Florentine, mama yake Maliro. Alikuwa mwanamke mwembamba, mfanyabiashara wa vitambaa, aliyejua kulia bila kupoteza adabu. Lakini kasuku aliposema "Ingia, mwana" kutoka kwenye kikapu, kitambaa cha kichwa kilimwanguka na hakukiokota.

"Ondosha ile kitu," alisema. "Mara moja."

"Mama, siyo uchawi," Maliro alisema. "Ni ndege tu."

"Nasema ondosha! Dada yangu iko mu udongo ya pori, na wewe unaniletea sauti yake mu kikapu? Batu batasema nini?" Kisha akamgeukia Ngalula kwa baridi. "Mademoiselle, aksanti kwa taabu. Ujichukulie ile ndege."

Ngalula alimchukua. Akamtundikia fimbo katika chumba chake cha kupanga, mtaa wa juu, karibu na chuo, na akaishi na sauti ya marehemu. Alipokwisha kumzoea, kasuku alinyamaza kila Ngalula alipokuwa ndani. Alipotoka tu na kufunga mlango, ilianza: kikohozi, sala, kicheko cha puani. Majirani walianza kupita upande wa pili wa njia.

Kilio kilipokwisha, alasiri moja ya mvua ndogo, Ngalula alirudi kutoka darasani akamkuta Mama Florentine amesimama kwenye baraza lake, mwavuli umefungwa, sikio karibu na ubao wa mlango.

Wakatazamana. Mama Florentine hakuona haya.

"Anasema?" aliuliza.

"Kama niko ndani, hasemi. Anasema akiwa peke yake."

"Basi usifungue."

Wakaketi kwenye benchi, nje, kila mmoja kwenye ncha yake. Mvua ilichuruzika kwenye bati. Ndani Mama Orpa alisali, akakohoa, akamfokea mbuzi aliyekufa siku nyingi. Mama Florentine alisikiliza amefumba macho. Alipoondoka hakuaga. Siku iliyofuata akarudi. Na nyingine. Wanawake wale wawili wakawa wanakaa bila kusemezana, wakimngoja mtu aliyezikwa azungumze, na watu waliopita walishangaa kwa nini wanabisha hodi kwa macho tu na hawaingii.

Maliro alikuja mara moja akakuta hali hiyo, akarudi kwa ncha za vidole.

"Ngalula," sauti ilisema siku ile. "Ingia, mwana."

"Anakuita tena," Mama Florentine alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Kila siku anakuita. Anaita mbuzi yake. Anaita ule katekista." Sauti yake ikapasuka. "Mimi hajaniita. Ata siku moja."

Ngalula alimsogelea kidogo kwenye benchi.

"Unajua sababu ni nini? Ndege inarudisha yenye ilisikia. Jina yangu haikusikiwa mule. Miaka yote ya vita sikuenda kumuona. Nilikuwa nasema njia ni mubaya, biashara ni mingi." Alijifuta kwa ncha ya kitenge. "Wewe ulikuwa unaenda. Mutoto ya batu ya Kasai. Wewe njo ulikuwa unakula naye."

"Alikuwa anakusema, Mama. Alisema wewe ndiye ulimufundisha kuimba."

"Mimi ni mudogo wake. Ningemufundisha namna gani?"

"Alisema alikuwa anaimba vibaya, ukamucheka, akajifunza sababu ya hasira."

Mama Florentine alitoa sauti, nusu kilio, nusu kicheko. Kisha akainuka, akafungua mwavuli, akaondoka katika mvua kama mtu aliyechelewa gari.

Hakurudi kesho yake, wala kesho kutwa. Maliro alikuja na wasiwasi: mama yake alikuwa amepanda lori la asubuhi ya jana kwenda Lubero bila kumwambia mtu kitu. Ngalula aliposikia jina la Lubero aligeuza uso. Basi amekwenda kufunga maneno ya yule binti, aliwaza. Maliro alisema atamfuata, atasema mbele ya wazazi wote wa Lubero kwamba hataki. Alikuwa tayari amevaa koti.

Hakuwa na haja. Mchana huo huo Mama Florentine alitokea njiani, vumbi mpaka kwenye nyusi, na nyuma yake mtu wa kubeba akiwa na gunia la viazi. Akaliweka mlangoni kwa Ngalula.

"Batu ya Lubero balikasirika," alisema, akipumua. "Niliomba musamaha. Ni Bakristu, balinisikia. Lakini niliona aibu kurudi mikono mitupu, nikanunua viazi."

"Mama, uliwaambia nini?" Maliro aliuliza.

"Wewe nyamaza, siongei na wewe." Akamgeukia Ngalula. "Bazazi bako biko ng'ambo ya vita. Njia ikifunguka, tutabatafuta, mimi na Maliro, ata kwa miguu. Lakini siku ya mahari, nani atakaa upande yako?"

Macho ya Ngalula yalijaa. "Hakuna mutu, Mama."

"Mimi nitakaa. Dada yangu alikuita mwana. Upande ya Maliro iko na bajomba bake mingi, bana kelele ya kutosha. Mimi nitakaa na wewe, na nitabasumbua." Akamtazama kijana wake kuanzia kofia hadi viatu. "Na wewe uko nafanya nini mu nyumba ya binti wangu? Toka. Ungojee ku barabara."

Maliro alitoka, akagonga bega kwenye mwimo wa mlango kwa furaha, akasimama nje akiwatazama kupitia dirisha, na Ngalula akamtazama pia, mpaka Mama Florentine akampa kisu.

Wakaketi ndani, kwa mara ya kwanza, mlango wazi, wakimenya viazi. Kasuku alikuwa kwenye fimbo yake, manyoya yamelala, jicho moja limefumbwa. Mama Florentine aliongea juu ya lori, juu ya baridi ya Lubero, juu ya vitambaa. Kisha akatega sikio, akangoja.

"Mbona hasemi?"

Maliro alijibu kutoka dirishani, polepole. "Anaita akikosa benzake, Mama. Kama batu biko naye, atanyamaza. Labda hatasema tena."

Kisu cha Mama Florentine kilisimama. Alimtazama ndege, akatazama mlango, na Ngalula akaona anapima: angeweza kuinuka, kutoka, kufunga, na dada yake angezungumza. Jirani alipita njiani na kusalimu. Kasuku alijikunja shingo, akaficha mdomo ndani ya manyoya.

"Basi, anyamaze," Mama Florentine alisema, machozi yakimtiririka, akachukua kiazi kingine.